Zoezi la Kusikiliza la Wilaya ya Shiyantou

Wananchi wa wilaya ya Shiyantou walitangaziwa, kwa mabango mekundu themanini na sita, kwamba siku ya Jumatano, kuanzia saa nne kamili asubuhi hadi saa nne na dakika ishirini na tano, wilaya nzima haitatoa sauti. Vijana wa sekondari ya juu watakuwa wakifanya zoezi la kusikiliza Kiingereza, na Kiingereza, kama mabango yalivyofafanua, ni lugha nyepesi inayoweza kupeperushwa hata na kikohozi.

Ulikuwa uamuzi wa busara. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi mitatu, na mwaka uliotangulia Shiyantou ilishika mkia mkoani katika kusikiliza. Walikuwepo watu wa fikra fupi waliosema kwamba walimu wa Kiingereza ni wanne tu kwa wanafunzi elfu moja na mia mbili, na kwamba vipaza sauti vya madarasani vinakoroma. Mkurugenzi wa Elimu, Bwana Shang Delu, hakukurupuka. Aliunda kamati. Kamati ikachunguza kwa wiki tano, ikagundua chanzo halisi cha tatizo: vyura.

Basi yakaundwa Makao Makuu ya Muda ya Uratibu wa Ukimya, yenye kanuni zake tisa, na Shang akajiteua kuwa Kamanda. Chini yake kulikuwa na Kikosi cha Vyura, Kikosi cha Honi na Dawati la Vikohozi. Arusi mbili zilisogezwa mbele. Ya tatu iliruhusiwa, kwa sharti kwamba fataki zake zikalipuliwe wilaya jirani.

Katika kikao cha maandalizi, Mwalimu Qiao Lanying aliinua mkono. Huyu alikuwa mama mfupi, mwenye miaka ishirini na saba katika kazi ya kufundisha Kiingereza, sauti ya upole, na tabia mbaya ya kuuliza maswali.

"Mkurugenzi, si tungewaachia watoto wakazungumza Kiingereza kidogo kila siku? Masikio yangezoea."

"Mwalimu Qiao," Shang akamjibu kwa subira, "wakizungumza wao, nani atakuwa kimya?"

Wajumbe walipiga makofi bila kugusanisha viganja, kwa kuwa mazoezi yalikuwa yameshaanza. Siku hiyohiyo ikapigwa marufuku hata ile desturi ya wanafunzi kusoma kwa sauti asubuhi.

Jumanne, Kikosi cha Vyura kilifika kwenye bwawa la nyuma ya shule. Vyura hawakuonekana, lakini kikosi hakiwezi kurudi mikono mitupu. Palikuwa na bata mia tatu wa Mzee Bao.

"Mzee, bata hawa wana kibali cha sauti?" mkuu wa kikosi aliuliza.

"Kibali cha nini, mwanangu? Hao ni bata. Siku wakibweka, njoo uniulize kibali."

"Wanahamishwa kwa muda."

"Wapi?"

"Hilo ni la Makao Makuu."

Mjukuu wake, Bao Suyin, alisimama kando na kitabu mkononi. Alikuwa mwaka wa mwisho, na tangu shule ilipopiga marufuku kusoma kwa sauti alikuwa akija bwawani kila asubuhi kuwasomea bata Kiingereza. Bata, alivyomwambia Mwalimu Qiao, hawamcheki mtu kwa matamshi yake.

"Babu, waache wawachukue," alisema. "Ukibishana nao, kesho watanifungia mlango wa mtihani."

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mkoa ulikuwa umetoa nafasi moja kwa kila wilaya: atakayeongoza katika zoezi hili angechukuliwa na shule ya lugha ya mji mkuu wa mkoa, chakula na malazi juu ya serikali. Mwalimu Qiao alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba nafasi ile ilikuwa ya Suyin.

Jumatano ikafika. Kufikia saa nne, Shiyantou ilikuwa kimya kama iliyomeza gundi. Ili wananchi wajifunze kunyamaza kwa vitendo, Makao Makuu yalikuwa yametundika vipaza sauti sokoni, stendi na kando ya bwawa, vyote vikiwa vimeunganishwa na chumba cha mitambo cha shule. Humo walikaa wawili tu, Shang na Mwalimu Qiao, na mbele yao mashine ya kuchezea sauti, na kinasa sauti cha kuhutubia, chenye taa nyekundu inayowaka kikiwa hewani.

Shang alihutubia kwa dakika kumi na nane kuhusu faida za ukimya. Kisha akasema:

"Kuanzia sasa, kila mtakachosikia kwenye vipaza sauti ndicho mtihani. Mazungumzo mtayasikia mara mbili. Jibuni kwa Kiingereza. Anzeni!"

Akakiweka kinasa sauti mezani. Taa nyekundu ikabaki inawaka. Mwalimu Qiao akanyoosha mkono aizime.

"Kanuni ya Tisa!" Shang akamkata jicho. "Swichi ni za Kamanda peke yake."

"Lakini Mkurugenzi, hii taa..."

"Taa ni yangu, mama. Wewe una kitufe kimoja tu, cha kuanzisha Kiingereza, na utakibonyeza nikikuambia. Kwanza kuna jambo dogo."

Mwalimu Qiao aliitazama taa. Alikuwa amejaribu kusema, na kanuni ilikuwa imemkataza. Miaka ishirini na saba alikuwa ametii kanuni, na hii ilikuwa ya kwanza kumfurahisha. Akakaa vizuri, akaivaa ile sauti anayoitumia kwa darasa zito, polepole, neno kwa neno.

"Samahani, Mkurugenzi. Hapa tulipo ni mahali pa kuongelea mambo ya siri?"

"Tuko chumba cha mitambo, mlango umefungwa. Atusikie nani?"

"Na unataka nikufanyie nini?"

"Mpwa wangu, Fan Zijun. Ile nafasi ya mkoa ni yake. Majibu ya leo anayo tangu Jumapili, nimempa kwa mkono wangu mwenyewe. Kikwazo ni yule binti wa mfuga bata."

"Bao Suyin?"

"Huyohuyo. Karatasi zikirudi kwako kuhakikiwa, mkate alama kumi na tano. Sema mwandiko wake mbaya."

"Mwandiko wake ni mzuri, Mkurugenzi."

"Basi sema ni mzuri mno, unatia shaka! Kwani kazi ulianza jana?"

"Nisamehe, masikio yamezeeka. Ungerudia tangu mwanzo?"

Shang alisonya. Ndiyo maana wilaya inashika mkia, aliwaza, kwa walimu kama hawa. Akarudia yote, tena kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya stesheni.

Madarasani, mwanafunzi mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, mbona hiki si Kii..." Msimamizi akaweka kidole mdomoni na kuonyesha kipaza sauti. Agizo la Kamanda lilikuwa wazi: kila kitakachosikika ndicho mtihani. Vijana wakarudi kwenye karatasi zao. Swali la kwanza: wazungumzaji wako wapi? La pili: mwanamume anataka nini? La tatu: msichana ana tatizo gani? Tangu waanze kujifunza Kiingereza hawakuwahi kukutana na mazungumzo yaliyoeleweka kiasi kile. Kalamu zikakimbia.

Sokoni, mwuza samaki alibaki na kisu hewani. Kucheka kulikuwa kosa chini ya Kanuni ya Pili, hivyo watu walicheka kwa mabega, huku machozi yakiwatoka. Mzee Bao, aliyekuwa amekaa mbele ya bwawa tupu, alisikia jina la mjukuu wake likitajwa mara mbili. Yeye hakucheka.

"Umenielewa sasa?" Shang akauliza.

"Nimekuelewa, Mkurugenzi. Nadhani hakuna asiyekuelewa."

"Bonyeza basi."

"Ni saa nne na dakika ishirini na tano. Kanuni ya Nne inataka karatasi zikusanywe papo hapo."

Shang alitafakari. Zoezi lisilo na sauti lingewaumiza watoto wote sawasawa, isipokuwa mmoja mwenye majibu. Hata yeye alishangaa jinsi mambo yalivyojipanga. Akazima swichi zote bila kuziangalia, akaenda kuzifunga bahasha za majibu na kuzipiga muhuri wa Kamanda kwa mkono wake: ziende mkoani moja kwa moja, zisifunguliwe na mtu yeyote wilayani. Kisha akatoka rosheni. Barabara nzima ilikuwa imejaa watu, wamemkodolea macho, kimya. Akawapungia.

"Wameiva," alisema.

Hakuna aliyemwambia kitu. Kumwambia mkubwa habari mbaya hakukuwa katika majukumu ya dawati lolote. Bata walirudishwa wakiwa mia mbili na arobaini. Sitini, taarifa ilisema, walipotelea katika mchakato.

Siku ya tisa, mkoa ulituma tume, ikiongozwa na Mama Ruan, mwanamke mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Watu walijaa uwanjani, wanafunzi wakajipanga nje ya madirisha ya ofisi. Shang aliagiza chai ya maua ya chrysanthemum na kuketi ofisini kupokea pongezi.

"Hongera, Mkurugenzi," Mama Ruan alianza. "Mkoa haujawahi kuona wilaya inayosikia vizuri kama hii. Watoto elfu moja mia moja na tisini na tisa wamejibu jambo moja. Huyu Bao Suyin ameandika vizuri kuliko wote: 'Mwanamume anataka nikatwe alama kumi na tano, na tatizo la msichana ni mwandiko mzuri.'"

Shang aligugumia chai, ikampalia.

"Aliyeshindwa ni mmoja tu. Yeye ameandika kwamba mwanamume anataka kuazima mwavuli."

Fan Zijun akaitwa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyechomekea shati mpaka karibu na kwapa.

"Mwanangu, siku ile ulisikia habari za mwavuli?"

"Hapana, mama."

"Ulisikia nini?"

"Nilimsikia mjomba."

"Sasa mwavuli umeutoa wapi?"

Kijana alimwangalia mjomba wake kwa heshima zote. "Mjomba alisema niandike ya kwenye karatasi aliyonipa, hata nikisikia nini. Na nilikuwa nimeshaikariri yote, mama. Siku tatu sikulala."

Shang akasimama. Alisema kijana ana homa. Alisema mitambo ilikuwa mibovu, kwamba suala hili linahitaji kamati, na kwamba sauti iliyosikika ingeweza kuwa ya mtu yeyote.

Mama Ruan hakubishana naye. Alikwenda dirishani, akalifungua, akawauliza wanafunzi kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti, ile sauti ilikuwa ya nani.

Elfu moja na zaidi wakamjibu pamoja, kwa Kiingereza, kwa sentensi kamili yenye cheo, jina na ukoo. Mwalimu Qiao alisikiliza mpaka mwisho, hakupata kosa la kusahihisha.