Rejeta ya Chumba cha Bibi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimepewa madaraka! Miezi mitatu tangu nimalize shule, na hatimaye Mama ameniamini kwa jambo la maana. Bibi Winifred anatoka hospitali Jumamosi na nyonga mpya. Ngazi hawezi. Atalala sebule ya mbele, ambayo haina rejeta ya ukutani ya kupasha joto kwa maji moto, ina baridi tu. Shangazi Lavinia amekwisha kutangaza kwamba kwake Harrogate hata sakafu ya bafu ina joto, na kwamba mgonjwa hawekwi kwenye jokofu. Kwa hiyo chumba kisipopata joto kabla ya Jumamosi, Bibi anakwenda Harrogate.

Sitaki. Bibi ndiye mtu pekee ninayezungumza naye bila masikio kuniwaka.

Kazi yenyewe: kuongeza rejeta moja kwa Bibi, na kubadilisha mbili zilizoliwa na kutu, ya jikoni na ya ukumbini. Mama ana pauni mia tisa, basi. Niite mafundi bomba watatu, kila mmoja aseme bei, tuchague aliye nafuu. Lakini mimi nina mpango wa ziada. Fundi akinyweshwa chai nzuri, bei hushuka. Nimenunua biskuti za chokoleti.

Jumanne, 7 Oktoba

Bwana Grimshaw. Aliyatazama mabomba, akavuta hewa kupitia meno, akauliza nani aliyeifanya kazi hii. Ni marehemu Babu. Nikaomba radhi kwa niaba yake. Chai vikombe viwili, biskuti nne. Pauni elfu moja na mia nne! Eti kwa rejeta mpya lazima mbao za sakafu zing'olewe, na mbao za umri huo zina kinyongo.

Kisha akauliza, aje Alhamisi? Nilitaka kusema hapana. Lakini alikuwa amenionyesha picha za mbwa wake aliyepasuliwa tumbo. Nikasema ndiyo, asante sana.

Si neno. Nitaghairi kwa maandishi. Kwa maandishi mimi ni jasiri.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi, Bwana Threlfall. Naye akavuta hewa kupitia meno. Naye akauliza nani aliyeifanya kazi hii. Elfu moja na mia moja, biskuti tano. Aliongeza kwamba Grimshaw hawezi kufunga hata kifuniko cha birika. Aje Alhamisi? Mguu ulikuwa ukimuuma. Ndiyo, asante sana.

Mchana, Bwana Dunstan. Mia nane na themanini! Hakugusa biskuti hata moja, ana kisukari. Mpango wangu haukulitazamia hilo. Huyu nilimkubali kwa moyo mweupe. Alhamisi!

Jioni nikaandika barua mbili za kughairi, kurasa mbili kila moja. Nilishukuru kwa ushauri. Nilimwulizia mbwa, nikauulizia mguu. Mwisho kabisa, chini ya sahihi, nikasema kwamba pengine hakuna ulazima wa kuja, ikiwa haitawaudhi. Nikazisukuma chini ya milango yao na kutoka mbio.

Alhamisi, 9 Oktoba

Saa mbili asubuhi, magari matatu nje. Mafundi watatu ukumbini, kila mmoja na rejeta zake.

Grimshaw alisema hajawahi kupata barua nzuri kama ile. Aliishia ukurasa wa kwanza, ule wa mbwa, akaenda kumsomea mkewe. Threlfall aliisoma mpaka mwisho. Akaona nimeogopa kumsumbua, maskini, akaja mapema ili anitoe wasiwasi. Dunstan hakuwa na barua yoyote, akaniuliza kwa nini.

"Sema, binti," Threlfall akaniambia. "Nani abaki?"

Wote watatu wakanitazama. Nikaenda kuchemsha maji.

Niliporudi walikuwa wamegawana. Rejeta moja kila mtu. Mchana kutwa walichambana kutoka chumba hadi chumba. Threlfall alimwuliza Grimshaw kama ile ameipima kwa jicho la mbwa wake. Grimshaw akamjibu autazame kwanza mguu wake, maana ndio unaomfanya afunge vitu vyote upande. Dunstan alifanya kazi kimya na kumaliza wa mwisho.

Kila mmoja alitoza theluthi ya bei yake, na gharama ya safari juu. Jumla pauni elfu moja na mia tatu. Mama alikaa kwenye ngazi, koti bado mwilini. Safari yetu ya likizo pwani ya Scarborough imefutwa ili tuwalipe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bibi amefika! Shangazi Lavinia nyuma yake, uso tayari kwa malalamiko. Sebule ilikuwa na joto la tanuri la mkate. Shangazi aliigusa rejeta, akauondoa mkono haraka. Ushindi!

Kisha Bibi akauliza nani anayeoka humu ndani.

"Mjukuu wangu, tangu niolewe nalala dirisha wazi. Hospitali wamenipika wiki mbili nzima. Na sakafu ya Lavinia ndiyo siitaki kabisa, nyayo hazipumui."

Mama akamwuliza kwa sauti nyembamba kwa nini hakusema. Bibi akajibu kwamba hakuulizwa. Akaizima rejeta, akaanika soksi zake juu yake. Anabaki kwetu. Angebaki hata bila rejeta.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama ameniapisha. Mtu yeyote mwenye vifaa akigonga, niseme hapana. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mara ishirini.

Saa nne akagonga bwana wa madirisha. Alikuwa ameliona dirisha la Bibi liko wazi na mvua inaingia. Mwenyewe alikuwa amelowa chepechepe. Nikasema hapana! Kwa sauti! Nikasema hapana, usisimame kwenye mvua, pita ndani.

Alikula biskuti zote zilizobaki. Anakuja Ijumaa kubadilisha madirisha sita. Shemeji yake anakuja pia, yeye ni wa milango.

Sina wasiwasi. Usiku huu naandika barua ya kughairi. Kosa la zile za kwanza nimekwisha kuling'amua. Zilikuwa fupi mno.