Mkia Nje ya Meli

Jumatatu, 2 Machi

Bibi amezima tena. Hewani! Bibi ni helikopta ya jeshi letu la majini, na ndiye pekee anayeruka. Wenzake wawili wako bandani, hawana milango, viti wala injini. Kila Bibi akiugua, fundi huwachomoa wao vipuri. Leo alikuwa akitafuta mashua iliyopotea, injini moja ikakata roho juu ya bahari, akarudi na ile nyingine kwa kudra za Mungu. Rubani ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Ameshuka ametulia. Ameomba maji ya kunywa, mengi yakaishia shatini.

Mkuu wetu amefoka mpaka madirisha yakaitika. Helikopta mpya ichaguliwe mwezi huu, la sivyo fungu linarudi Hazina. Wote wameinama. Mimi nimefurahi kimoyomoyo, maana kuna ujumbe utakaokwenda ng'ambo kukagua kiwanda. Mimi ni afisa ununuzi. Nimenunua kila kitu hapa, kuanzia nanga hadi ufagio, na sijawahi kupanda ndege hata ya kwenda karibu. Kapteni Miwani wa Operesheni amesafiri hadi amechoka. Kila akirudi ananipa kishikio cha funguo. Sina funguo nyingi kiasi hicho!

Safari hii ni yangu. Utaratibu wetu unajulikana: mwenye sharti lake kwenye maelezo ya helikopta ndiye anayekwenda kulikagua. Ninachokosa ni sharti tu.

Jumatano, 4 Machi

Sharti nimelipata nikiwa naoga. Kabati la nyaraka lisiloingia maji, ndani ya helikopta! Nimelieleza mbele ya kamati kwa uchungu mkubwa. Nimeuliza, je, karatasi zikilowa baharini, nani atajua tulikuwa tunakwenda wapi? Kamati ilikuwa na njaa. Limepita.

Miwani hakukubali kushindwa. Papo hapo akadai meza ndefu ya kutandazia ramani. Daktari wa kikosi akadai nafasi ya kitanda, na akakataa katakata kitanda kinachokunjwa. Mkuu wa stoo akataka jokofu. Halafu akasimama kiongozi wa bendi, mtu ambaye sijui hata nani alimwalika, akasema ngoma kubwa nayo ni mali ya jeshi na haijawahi kusafirishwa kwa heshima.

Yote yamepitishwa. Watu hawa hawana haya kabisa. Mtu anapotosha ununuzi wa taifa kwa ajili ya safari!

Ijumaa, 6 Machi

Amekuja wakala wa kampuni. Viatu vinang'aa hadi unajiona. Nimemsomea masharti yote, hakutikisika. Amesema kila kitu kinawezekana, ila mwili wa helikopta itabidi urefushwe kidogo. Nikamuuliza kidogo kiasi gani. Akasema kidogo tu, akanimiminia chai.

Shemeji alikuwa amekaa pembeni. Akauliza kama hiyo iliyorefushwa itaingia kwenye banda la helikopta lililo juu ya meli yetu. Nikamwambia marubani wana wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga. Akauliza tena. Nikamwambia anywe chai.

Jumapili, 8 Machi

Dada amekuja kwa chakula cha mchana. Hakula. Ameniambia Shemeji akiwa angani yeye hawezi kuwasha hata jiko, anakaa kibarazani anasikiliza, na mlio wa Bibi ukirudi ndipo anakumbuka kuwa ana njaa. Akanishika mkono, akasema, "Kaka, wewe ndiye uko huko ndani. Lini mpya inakuja?"

Nikasema mwezi huu. Nikaapa. Moyo ulinichoma kweli, sikufichi, ewe shajara. Alipoondoka nikaamua kesho nafuta kabati na ninawaomba na wengine wafute yao.

Jioni mke wangu akatoa koti la baridi alilonishonea kwa ajili ya ng'ambo. Zito, lina vifungo vya dhahabu. Nikalivaa mbele ya kioo. Nikajitazama kushoto, nikajitazama kulia.

Kabati linabaki.

Jumanne, 10 Machi

Wakala ameleta helikopta moja ndefu ya majaribio. Mkuu ameamuru itue kwanza nchi kavu: sitaha ya meli ichorwe kwa chokaa kwenye uwanja wa mpira, tuone kama inatosha. Kazi ya kuchora nikapewa mimi.

Nikaenda alfajiri na kamba na ndoo. Nikapima kama ramani ya meli inavyosema. Kisha nikapima helikopta. Kijasho kikanitoka. Mkia ulikuwa nje, na si mkia peke yake, hata na sehemu ya kiuno! Nikakaa chini kwenye nyasi nikawaza koti. Nikainuka, nikaiongezea sitaha pumzi kidogo upande wa nyuma. Na kidogo ubavuni, isionekane imependelewa upande mmoja.

Imetua katikati ya mistari, imeenea kama mayai kwenye trei. Makofi! Bendi ikapiga. Miwani akashusha miwani puani, akasema ajabu, mara ya mwisho aliposafiri na meli hiyo haikufika kwenye goli. Nikamwambia chokaa ikipata umande hutambaa.

Alhamisi, 12 Machi

Balaa. Mkuu amefurahi kupita kiasi. Helikopta itatua kwenye meli yenyewe Jumamosi, baharini, mbele ya wageni na wake zao. Na mimi nisimame sitahani, kwa heshima, kwa kuwa vipimo ni vyangu.

Nikaugua mara moja. Kichwa, tumbo, mgongo, vyote kwa pamoja. Daktari amenipima dakika mbili akasema mimi ni mzima kama chuma. Ni lazima aseme hivyo. Jaribio likiahirishwa, na yeye na kitanda chake hawaendi popote!

Jumamosi, 14 Machi

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi, masikio bado yana maji.

Helikopta ndefu ilikuja vizuri. Ikagusa sitaha kwa magurudumu ya mbele. Ya nyuma yakatafuta pa kugusa, yakakosa. Mkia ulikuwa unaning'inia juu ya bahari, na mapanga yake yanayozunguka juu yakapuliza upepo ambao sijawahi kuuona. Kofia za wageni zikaruka. Vilemba vya wake zao vikaruka. Kiongozi wa bendi akakumbatia ngoma, wakaviringika pamoja mpaka kwenye ngazi. Rubani wa kampuni akatazama nyuma, akatikisa kichwa, akanyanyuka na kurudi alikotoka. Wakala naye sikumwona tena.

Ikafuata kofia ya Mkuu. Niliiona inapita mbele yangu. Nikawaza, nikiiokoa hii, mengine yatasahaulika. Nikairukia. Niliikamata! Ila sitaha ilikuwa imekwisha.

Watu husema maji yamewafika shingoni. Mimi yalinipita. Nilipoibuka meli ilikuwa mbali, nami nimeshika kofia kwa mkono mmoja na Mungu kwa mwingine. Ndipo nikasikia kikohozi. Bibi! Shemeji alikuwa zamu ya uokoaji. Kamba ikashuka, nikafungwa, nikavutwa juu nikizunguka kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Injini ikakata, ikawaka, ikakata, ikawaka. Kila ikikata nilimwahidi Mungu jambo: nitafuta kabati, nitawaomba radhi wote, nitamsalimu Miwani kila asubuhi.

Shemeji hakunigombeza. Aligeuka tu akasema, "Shikilia vizuri, shemeji. Hata kamba imezeeka."

Jumatatu, 16 Machi

Ununuzi umefutwa. Fungu linarudi Hazina, tutaanza upya mwakani, Bibi aendelee. Dada alikuja asubuhi kabla sijatoka. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akasema amekuja kunijulia hali, "Bwana Afisa." Toka azaliwe hajawahi kuniita chochote isipokuwa kaka. Alipokwenda nililia, na sikulia kidogo.

Nikaenda kikaoni nimejiandaa kukiri yote. Karatasi ya kujiuzulu mfukoni. Lakini Miwani akaanza yeye. Akasimama, akasafisha koo, akasema kosa liko wazi, helikopta ilikuwa ndefu mno, na aliona tangu uwanjani. Wote wakaitikia kwa vichwa. Wakamsifu! Uso wake ulivyoridhika, mtu hawezi kuvumilia.

Nikasimama bila kujua nimesimama. Nikasema helikopta haina kosa lolote. Meli ndiyo fupi.

Mkuu akaweka kalamu chini. Akatazama dari, akatazama kofia yake iliyosinyaa kwa chumvi. Akasema tangu ajiunge na jeshi hili hakuna mtu aliyewahi kumwambia ukweli huo. Kamati ya kununua meli mpya imeundwa pale pale. Mimi ndiye katibu. Ujumbe utakwenda ng'ambo kukagua karakana ya meli, kwa utaratibu ule ule.

Nimempigia dada kumpa habari njema. Nimemwambia wasiwasi umekwisha: tukishapata meli, na meli ikishajengwa, helikopta itafuata yenyewe. Amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha amesema Shemeji ametoka na Bibi tangu asubuhi na hajarudi, kwa hiyo niiache laini wazi.

Nimeiacha. Mtu mwenye wasiwasi usimbane. Nimerudi kwenye kazi, na sharti limekuja lenyewe: ofisi ya ununuzi iwe juu kabisa ya meli, na dirisha pana la kutazama mbele. Miwani anasemekana anataka roshani. Kuna watu hawajifunzi.