Bastola ya Riali Mia na Ishirini

Jumapili, 9 Novemba 2025

Kuna mtu ananifuatilia. Naandika haya kwa utulivu. Mlango nimeufunga kwa funguo mbili, lakini huo ni utaratibu tu.

Habari nimepewa na Josphat, Mkenya mpole anayelinda lango la ofisi yetu ya makontena kule Matrah. Amekuja mzee wa kilemba cha kahawia, ndevu nyeupe, bakora yenye kishikio cha fedha. Kauliza karani Anas, yaani mimi, anatoka saa ngapi. Anakula na nani. Akikasirika hufanya nini. Josphat akamjibu kwamba Anas akikasirika huenda kupanga mafaili. Nikamuuliza Josphat kwa nini hakutaka kujua jina la mzee. Akasema, ah, bosi, yule ni mtu wa heshima, ungeviona viatu vyake vilivyong'ara!

Viatu! Kana kwamba wauaji hawana brashi.

Nimerudi nyumbani Sib nikakuta habari nyingine. Shangazi Hasina, aliyenilea, amekwenda Al Amerat kuniposea Hadeel. Wazazi wamesema wapewe wiki mbili. Hadeel! Anauza miwani katika duka la hapa Sib. Nimeshanunua miwani mitatu kwake na macho yangu hayana kasoro. Shangazi akanishika sikio kama mtoto, akasema nnakuomba mwanangu, wiki mbili hizi utulie, usifanye kioja, maana wataulizia habari zako. Nikamwambia waulize tu. Mambo hayo huulizana wanawake kwa simu, mimi nayajua.

Kuhusu mzee sikumwambia. Ana presha.

Nimeamua: nahitaji silaha. Ndogo, ya kufichika, ya bei nafuu. Akiba yangu ni ya mahari. Ukiitoa hiyo, zimebaki riali mia na ishirini.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimesoma kwenye mtandao muda wote wa chakula cha mchana. Dunia ya bastola ni kubwa ajabu! Kuna wanaume Marekani wanaokaa mbele ya kamera wakieleza bastola kama wanawake wanavyomweleza mke mpya wa jirani: mzuri, lakini ana maneno. Nimejifunza kwamba ndogo hurusha mkono kuliko kubwa. Kwa nini? Nilidhani kidogo ndicho kipole. Nimejifunza kwamba bei ya chini huanza pale akiba yangu inapoishia. Iliyotumika ni nafuu zaidi, ila lazima umuulize mwenyewe aliitumiaje. Nani atalijibu swali hilo kwa ukweli?

Nimechora jedwali, kama ninavyofanya kwa makontena. Bei, uzito, urefu, idadi ya risasi. Nikaongeza safu ya tano: woga, yaani mimi mwenyewe ninavyoiogopa, moja hadi kumi. Zote zimepata tisa, isipokuwa ile ya bei ya chini kabisa. Walioinunua wanalalamika kwamba mara nyingine hukataa kulia. Nimeipa nne. Wao wanaona kasoro. Mimi naona busara.

Shihab wa meza ya pili akachungulia. Shihab alisoma Texas miezi minane na hajapona. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi ghalani kwamba bastola si kazi, kazi ni mahali pa kuificha. Wewe na kanzu yako, ewe Anas, utaitia wapi? Kofiani? Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Baadaye nikajaribu chooni kwa kutumia stepla. Kofia haifai. Stepla imevunjika.

Lakini swali lenyewe limeniingia. Wamarekani wana mkanda, suruali na koti. Kanzu ni kitambaa kimoja cheupe kinachosema kila kitu. Wazee wetu walivaa jambia tumboni, mbele kabisa, kila mtu alione. Silaha ya kuficha hawakuishonea mfuko. Walikuwa hawaogopi, au walikuwa wanaogopa hadharani?

Jumanne, 11 Novemba

Mimi ni mtu wa taratibu. Nimeomba ruhusa ya saa moja nikaenda kituo cha polisi. Kuuliza tu.

Afisa alikuwa kijana, mpole, kanipa maji. Nikamwambia nina rafiki anayetaka kujua fomu gani hujazwa na mtu anayetaka kubeba bastola ndogo chini ya kanzu. Akaweka kalamu chini. Akauliza jina la rafiki. Nikasema Anas. Akatazama kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni mwangu. Nikakigeuza upande wa pili.

Akauliza rafiki anamwogopa nani. Nikaeleza. Mzee amemtishia? Hapana. Amempiga? Hapana. Amefanya nini basi? Ameulizia. Nini? Saa za kutoka kazini, na hasira. Afisa akanitazama kwa huruma kama daktari, akasema karani hapewi bastola ya mfukoni, na asiitafute kwingine, maana huko kwingine atatukuta sisi. Kama nina ugomvi na mtu, niende kwa sheikh wa mtaa wetu atusuluhishe.

Nimemwelewa vizuri sana. Hatua ya kwanza ni sheikh. Kila kibali kina hatua ya kwanza.

Jumatano, 12 Novemba

Kibali kikitoka nisikutwe sijajiandaa. Nimekwenda kwa fundi cherehani sokoni Sib, nikamwomba mfuko wa ndani, chini ya kwapa la kushoto. Akauliza ni wa simu? Nikasema si simu. Wa dawa? Si dawa. Kitu cha nusu kilo, chenye kona. Akanitazama juu ya miwani, akashona. Riali moja na nusu. Zimebaki mia na kumi na nane na nusu.

Sasa nahitaji uzito wa kufanyia mazoezi. Nimeanza na chumvi. Pakiti imepasuka, nimeacha njia nyeupe kutoka chumbani hadi sebuleni. Kisha nikafungua kabati la jikoni. Halua ya Shangazi! Kipande cha nusu kilo kwenye plastiki, kizito, kimelala kimya. Kikaingia mfukoni kama kilichoshonewa.

Nimetembea nacho sokoni mara mbili. Maajabu! Mtu mwenye silaha hutembea upande. Bega la kushoto linashuka, la kulia linajifanya halijui. Na moyo nao hubadilika: kwa mara ya kwanza maishani nilimkatalia dereva wa teksi bei yake. Akacheka, akanipunguzia. Hiyo ni nguvu ya nusu kilo tu.

Tatizo ni kuitoa. Ama nifungue vifungo vitatu, nipitishe mkono shingoni, au niinue kanzu hadi kifuani mbele za watu. Nimejipima kwa saa. Sekunde arobaini na moja. Adui atasubiri?

Alhamisi, 13 Novemba

Mzee anakaza kamba. Leo alikuwa Sib! Kinyozi wangu kaulizwa kama nina maradhi. Muuza mikate kaulizwa kama nakopa. Imamu kaulizwa kama alfajiri huwa nachelewa. Huyu ni mtu mwenye mpango. Nani huuliza afya ya mtu kabla ya kumwua?

Nikaenda mbio kwa Sheikh Marhoon wa mtaa wetu. Akaniuliza jina la adui. Hapo ndipo aibu iliponishika. Nina miaka ishirini na sita na sina adui hata mmoja wa kuandika kwenye fomu. Nikamweleza tu kilemba, ndevu, bakora ya fedha. Sheikh akakohoa ndani ya mkono wa kanzu, kikohozi kirefu, mabega yakitikisika. Akasema kesho baada ya sala ya Alasiri nije sabla, ukumbi wetu wa mikutano, naye ataniletea huyo mtu tusuluhishwe. Nikaulizia barua ya kibali. Akasema mwanangu, kwanza kesho.

Nyumbani mambo si mazuri. Shangazi kapigiwa simu kutoka Al Amerat. Wamesikia jambo, hawakusema nini. Tena wamesema jibu huenda likawa hapana. Shangazi akakaa kitandani, mkono shavuni, akaniuliza mwanangu umefanya nini, nnakuuliza, na kwa nini unatembea kama ngamia aliyepakiwa upande mmoja? Nikasema ni hasadi ya watu.

Shihab huyo! Nani mwingine kajua? Josphat, fundi, polisi, kinyozi, sheikh. Lakini hao ni watu wa siri.

Nikimkosa Hadeel sitanunua miwani tena maishani mwangu.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika bado nimevaa kanzu ile ile. Haitasafishika.

Nilifika sabla mapema, halua kwapani. Najua haikuwa bastola. Lakini adui hajui! Nilitaka aone bega limeshuka, ajiulize. Sabla ilikuwa na joto, mashine ya baridi imeharibika tangu Eid. Wazee kama kumi wameegemea mito. Nikakaa karibu na mlango.

Akaingia. Kilemba kile! Akaketi mbele yangu goti kwa goti, akaniamkia kwa upole wa kutisha. Akataka habari zangu, za Shangazi, za kazi, za afya. Zote anazijua tayari!

Ndipo nikahisi kitu cha uvuguvugu kinanishuka ubavuni. Nikadhani nimechomwa kisu. Nikashusha macho. Kwenye kanzu yangu nyeupe doa la kahawia linapanuka. Samli! Sabla yote ikanuka iliki na zafarani. Wazee wakaanza kugeuza pua. Mmoja akauliza nani kaleta halua, mbona haipitishwi? Sheikh Marhoon akasema kahawa iko tayari, na mwenye halua aitoe, bakhili we!

Sekunde arobaini na moja. Safari hii zilikuwa zaidi, maana kila mtu alikuwa ananitazama nikifungua vifungo.

Tumeila silaha yangu kwa kahawa. Wazee wameisifu.

Baada ya vidole kunawishwa, sheikh akasema sasa tusuluhishe. Akamtambulisha adui yangu. Mzee Sleyum. Kutoka Al Amerat. Ami yake Hadeel, kaka mkubwa wa baba yake, aliyetumwa na ukoo kuulizia habari za mposaji.

Nilitamani zulia linimeze.

Mzee Sleyum hakucheka. Akasema ameambiwa kote kwamba mimi mkweli, silewi, sidaiwi, nasali kwa wakati. Ila jana kasikia naulizia bastola, na ukoo haumpi binti mtu wa bastola. Kwa hiyo ana swali moja. Kama yeye angekuwa adui kweli, na mfuko ule una bastola kweli, ningefanya nini?

Nilitafuta jibu la kiume. Likatoka la kweli. Nikasema ningekimbia, ami. Nikaongeza kwamba nimeshaona mlango wa nyuma, ndiyo maana… hapana, nilikaa karibu na wa mbele, kwa sababu ule wa nyuma una komeo bovu.

Sabla ikalipuka kwa kicheko. Mzee akanyanyuka bila kusema ndiyo wala hapana. Akaondoka na kipande cha mwisho cha halua.

Nimemkosa Hadeel. Nimemwambia Shangazi yote. Kalia kwanza, kisha kaulizia halua yake.

Jumapili, 16 Novemba

WAMEKUBALI!

Mzee Sleyum kapiga simu mwenyewe. Shangazi kaniwekea sauti ya juu nisikie. Kasema nna wakwe watatu mashujaa katika ukoo wetu. Wote watatu wameingia wadi, bonde la mto mkavu, kwa gari mvua ikinyesha na maji yakishuka, kuonesha uanaume, na wote watatu nimekwenda kuwavuta kwa kamba. Mimi nshakuwa mzee, mgongo unaniuma. Nnataka mmoja wa kukaa ng'ambo asubiri maji yapungue. Huyu wenu atasubiri mpaka mwaka ujao!

Shangazi kapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Hakuniuliza kama nimetukanwa.

Mimi nina maoni yangu. Mzee kwa nje alisema woga, lakini aliliona bega. Aliona mtu mwenye jambo kifuani. Wakwe hupenda hivyo. Nimemweleza Josphat, akasema bosi, ukweli ni kwamba walipenda halua. Shihab naye kanipa mkono wa hongera akiuliza kama harusini nitabeba kilo nzima. Nimemwalika. Atakaa mbali na jukwaa.

Jumamosi, 22 Novemba

Leo tumekwenda Al Amerat, rasmi. Tumepewa dakika kumi za kuzungumza, mimi na Hadeel, upande mmoja wa sebule, Shangazi na mama mkwe upande wa pili wakijifanya wanatazama mapazia. Nilikuwa nimeandaa maswali sita.

Akaniwahi. Akauliza nilichagua bastola ipi hasa, maana Al Amerat yote inabishana. Nikamtajia ile ya bei ya chini kabisa. Akacheka mpaka akavua miwani na kufuta macho. Akasema ile! Ile kifyatuo chake kizito kama mlango wa ghala, na hailengi hata ukuta. Angalau ungemuuliza mtu anayejua.

Nikamuuliza anajuaje. Kwa unyenyekevu kabisa akasema yumo katika klabu ya kulenga shabaha tangu chuo. Bastola ya upepo, mita kumi. Ana medali mbili. Mama yake akasahau mapazia, akageuka kusema tena huyu akiwa na hasira ndiyo hakosi kabisa.

Nimecheka nao. Nimekunywa kahawa vikombe vitatu. Nampenda zaidi ya jana, hilo nalitia sahihi.

Tarehe ya ndoa ni Januari. Mimi ni mtu wa taratibu, na mtu wa taratibu hujiandaa. Mchana huu nimeanza kusoma kuhusu fulana za kuzuia risasi. Ni elimu pana ajabu! Kuna nene na nyembamba. Nyembamba hukaa vizuri chini ya kanzu, hazishushi bega. Mpya ni ghali. Lakini nimeiona moja iliyotumika, riali mia tu, hali nzuri.

Ina tundu moja tu.