Nafasi ya Marehemu Penland

Jumatatu, 14 Oktoba 1996
Asubuhi ukungu mzito, mlima hauonekani, baridi ya kuvaa soksi mbili mbili. Soksi ninazo. Kiwandani nimeshinda nikizioanisha, na akili yote iko kwenye uwanja wa mbio za magari.

Mzee Odell Crisp amekuja kunitafuta wakati wa chakula. Hajawahi kufanya hivyo. Gari la mbio ni lake. Jina la biashara yake ya kunyonya mashimo ya choo limeandikwa ubavuni kwa herufi za dhahabu. Mimi ni mikono tu. Amesema Jumamosi ni mbio ya mwisho ya msimu, na mimi na Dewey Rathbone tuko sawa kwa pointi. Atakayemtangulia mwenzake ndiye bingwa. Nikiwa bingwa, kiti ni changu mwaka ujao. Nikishindwa, anapewa Brantley, mtoto wa dada yake. Brantley! Anayekalia mkanda halafu anautafuta! Nikamkumbusha Mzee kwamba nimemwendeshea misimu kumi na mmoja. Akasema ndiyo, mama, na misimu yote hiyo amekuwa akipangusa rafu isiyo na kikombe.

Tatizo langu ni moja. Dewey ana kasi kuliko wote tunapopimwa muda kabla ya mbio, kwa hiyo huanza mbele, upande wa ndani. Mimi huanza mbele, upande wa nje. Hapa Pigeon Gap aliye ndani hufika kona ya kwanza mapema, na kuanzia hapo kazi yako ni kusoma mgongo wa gari lake. Dewey akiondoka kwenye ile nafasi, nimeshinda.

Nilifikiria sukari kwenye tangi lake la petroli. Ni dhambi. Halafu wanakagua.

Jioni nikiosha sufuria ya maharage, likanijia. Marehemu! Dereva wa zamani akifa, kwenye mbio ya mwisho nafasi ya mbele ndani huachwa wazi kwa heshima yake. Aliyestahili kuwa pale anarudi safu ya pili. Yaani Dewey nyuma, mimi mbele peke yangu, na kando yangu hewa.

Kinachohitajika ni maiti tu.

Jumanne, 15 Oktoba
Mawingu. Hakuna upepo hata wa kutikisa jani.

Nimemuuliza Garland nani amekufa mwaka huu. Garland ni shemeji yangu, mume wa dada, fundi wangu, na siku ya mbio ndiye macho yangu: husimama juu ya paa la jukwaa na kuniambia redioni nani yuko ubavuni mwangu. Akakuna kichwa. Akasema mwaka huu madereva wamekuwa wagumu kufa. Kisha akakumbuka: Hoyt Penland, mwezi wa tatu. Hakuna aliyekwenda kumzika.

Sababu ni gari lake. Lilikuwa la kijani. Huku kwetu gari la kijani ni nuksi. Kuna watu hawali hata mboga za majani siku ya mbio. Hoyt alilipaka kijani makusudi, akaendesha miaka thelathini, akamaliza wa pili mara nyingi kuliko mtu yeyote. Wa kwanza, kamwe. Waliompita ndio waliokuwa wakijikuta ukutani wiki ileile.

Nikapanda kilimani kwa mjane wake, Bi Ila. Mlango ulikuwa wazi. Keki ya matofaa ilishakatwa, kahawa ilishamiminwa. Akasema, “Ingia, binti wa soksi. Hoyt alisema utakuja.”

Nikauliza alisema lini.

Akasema Jumapili.

Nikala keki. Ilikuwa nzuri. Nikajiambia bibi wa watu amechanganyikiwa, kazi itakuwa nyepesi. Nikamweleza kuhusu heshima, kumbukumbu, deni la jamii kwa wazee wa mbio. Nilisema vizuri mpaka machozi yakanilenga mwenyewe. Alinisikiliza huku akikitazama kiti kitupu kando yangu, kama anayengoja kijibu kwanza. Mwishowe akasema Hoyt amekubali. Maisha yake yote hajawahi kuanza mbele. Ila nikimpa nafasi, nisimnyang'anye. Desturi naijua.

Naijua. Bendera ikishuka, njia ya ndani hubaki ya marehemu mpaka watu wote wamalize kona ya kwanza. Nikaapa, vidole nimevipishanisha mgongoni. Kiapo cha namna hiyo hakihesabiki, kila mtoto wa shule ya Jumapili anajua.

Nilipoinuka kiti kikalia. Si changu. Kile kingine.

Jumatano, 16 Oktoba
Manyunyu tangu alfajiri.

Nimekwenda kwa meneja wa uwanja na ombi la mjane. Akauliza, yule wa kijani? Nikasema ndiye. Akafunga dirisha, ingawa mvua haikuwa ikiingia. Akasema hawezi kumnyima mjane haki yake, lakini yeye binafsi Jumamosi atakuwa kwa dada yake, Tennessee. Nikauliza, ndoa ya nani? Hakuna ndoa. Anakwenda tu.

Dewey amenikuta kituo cha mafuta. Nilitaraji atalia. Akacheka: “Dada Verlene, nasikia umeokota maiti. Kwani walio hai wamekukataa?” Nikamwambia awaheshimu wafu. Akasema anawaheshimu sana, ndiyo maana hawaiti kazini.

Jibu nimelipata sasa, nikipiga mswaki. Ni jibu kali sana. Yeye yuko kwake.

Alhamisi, 17 Oktoba
Mbingu safi, jua lisilo na joto.

Baada ya kazi nimefanya mazoezi, uwanja mtupu, mimi na Garland tu. Gari linakwenda vizuri. Mzunguko wa tatu au wa nne, redioni: ndani. Maana yake kuna gari upande wangu wa ndani. Nikapanda juu, karibu na ukuta, kulipisha, ndivyo tulivyozoea. Bado ndani. Nikaacha nafasi zaidi. Bado ndani. Nikatazama. Usukani uko kushoto na tunazunguka kwa kushoto, kwa hiyo ndani ni hapa hapa begani. Hapakuwa na kitu. Lami tupu.

Nikasimama nikamfokea Garland. Akaapa kwa kichwa cha mama yake kwamba hakusema ndani hata mara moja, amwone nani? Nikamwambia basi anuse kinywa chake kama hakina pombe. Tukaafikiana ni redio za madereva wa malori barabara kuu. Zinaingiliana.

Tatizo ni alama za matairi. Zangu zinapanda juu, nene. Kando yake, ndani, kuna jozi nyingine, nyembamba, kama za matairi yaliyokuwa yakitumika nikiwa mtoto. Garland amesema huenda ni za zamani. Nikamwambia jana mvua ilinyesha kutwa. Akasema basi huenda ni za zamani sana.

Ijumaa, 18 Oktoba
Baridi imeongezeka. Ukungu umerudi, lakini uwanjani tu. Barabarani hakuna.

Mlango wa kushoto wa gari umechubuliwa. Mchubuko wa kijani. Nikaugusa, rangi ikabaki kidoleni. Mbichi! Nimeisugua kwa kitambaa cha mafuta mpaka ikatoka, kisha nikakaa juu ya tairi na kufikiri kwa utaratibu. Nani ananitakia nuksi? Nani hunicheka? Dewey.

Kwa hiyo nimelipiza. Karanga zenye maganda uwanjani ni nuksi ya pili baada ya kijani. Wazee wanasema kila gari lililoua mtu lilikutwa na maganda sakafuni. Nikanunua mfuko mzima wa karanga za kuchemsha kwa yule bwana wa njia panda, nikaumwaga kwenye kiti cha gari la Dewey la kubebea vifaa.

Jioni Garland kanipigia simu. Amemwona Dewey amekaa juu ya ndoo, anazila moja moja, anawaambia watu kuna msamaria mwema kampa karanga, tena zina chumvi ya kutosha.

Mtu wa namna hiyo unamfanya nini?

Jumamosi, 19 Oktoba
Jua kali, baridi ya kukata masikio, mlima wote mwekundu. Mbio ya mwisho huwa mchana.

Kupimwa: Dewey wa kwanza, mimi wa pili. Barabara kabisa. Mtangazaji akasoma jina la Hoyt Penland, watu wakavua kofia. Wengine wakavua kofia na kuhama viti. Bi Ila alikaa safu ya mbele, blanketi magotini, kiti cha kando yake kitupu. Safari hii hakukitazama. Alitazama uwanja.

Mizunguko ya polepole. Dewey nyuma yangu, safu ya pili. Kushoto kwangu nafasi ya marehemu. Ilikuwa na joto. Dirishani iliingia harufu ya petroli ya zamani, ile nzito ya gari la babu. Sikugeuza kichwa. Mkanda ulikuwa umenibana shingo.

Bendera ikashuka nikakata ndani. Papo hapo, kabla ya kona! Desturi haigawi viti. Sikugonga kitu. Nilihisi tu kama mtu anayepita katikati ya shuka zilizoanikwa, mbichi, moja baada ya nyingine. Jukwaa zima likaguna, nililisikia juu ya kelele za injini. Halafu mbele hakuna mtu. Nikaongoza. Nikaongoza mpaka nikaanza kuimba. Dewey kwenye kioo alikuwa mdogo kama kidonge. Nilishaona kikombe kwenye rafu ya Mzee Odell, nilishamwona Brantley akikipangusa.

Mzunguko wa mwisho, kona ya tatu. Redioni: ndani.

Nikatazama. Hakuna kitu.

Bado ndani.

Sauti kavu, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka tena. Nilijua si kweli. Lakini mwili umefundishwa misimu kumi na mmoja: ukisikia ndani unaacha nafasi, la sivyo mnakwenda ukutani wote wawili. Mikono ikapandisha gari juu bila kuniuliza, mguu ukalegeza mafuta. Bado ndani. Bado. Nikabaki kule juu karibu na ukuta, mlango wote wa ndani wazi, na Dewey akapita humo kama anakwenda sokoni.

Wa pili! Kwa urefu wa boneti moja!

Garland nilimkuta kifua wazi, midomo ya bluu. Redio yake ilikufa katikati ya mbio. Dakika zote zile alikuwa akipunga shati lake juu ya paa, akilia nishuke, nishuke, ndani hakuna mtu. Watu wote walimwona isipokuwa mimi. Dada atanisema kwa mafua haya mpaka Krismasi.

La ajabu ni Dewey. Hakwenda kuchukua kikombe. Alikuja kwangu uso mweupe kama tui. Akasema, “Dada, wananipongeza bure. Mimi ni wa pili. Ulipofungua mlango lilipita lile la kijani, mimi nimefuata taa zake.” Magari yetu hayana taa. Nikamwambia kama yeye ni wa pili basi mimi ni wa tatu, na hilo silikubali. Akasema hakuja kubishana, amekuja kuuliza kama na mimi nililiona. Nikamwambia arudishe karanga zangu.

Mzee Odell amempa Brantley koti la timu mbele ya macho yangu. Mikono imemzidi. Hakuna aliyeniambia pole.

Jumapili, 20 Oktoba
Asubuhi umande mweupe kwenye nyasi, jua jembamba. Kanisani sikuimba.

Baada ya ibada nikapanda kwa Bi Ila kulalamika. Kiti changu kimekwenda, na mumewe ndiye aliyekichukua. Nilipanga maneno njia nzima. Nikamkuta anakanda unga, anaimba, amevaa hereni. Akasema Hoyt amelala jana usiku kama mtoto, mara ya kwanza tangu waoane. Nikauliza hana kinyongo nami? Nilimkata mbele za watu. Akasema hapana, mwanangu, kukatwa amezoea, maisha yake yote wamemkata. Ila sasa ameonja ushindi. Sasa anataka ubingwa.

Akafuta mikono akanipeleka ghalani. Akavuta turubai. Lilikuwa hapo, la kijani mpaka magurudumu, namba nane. Boneti ilikuwa vuguvugu. Kwenye matairi, vipande vya mpira laini vya lami ya jana. Nikamwambia jua limelipiga. Ghala halina dirisha, lakini Bi Ila ni mstaarabu, hakusema.

Akaniambia niingie. Hoyt alikuwa mrefu kama mlingoti. Kiti kimefungwa kwa bolti. Miguu yangu ikafika kwenye pedeli zote tatu, sawasawa, kama viatu vya kushonewa. Bi Ila akasema Hoyt alikisogeza Ijumaa.

Basi nina kiti! Brantley na abaki na lake la vyoo. Bi Ila anasema Hoyt kasi anayo, njia anaijua, anachokosa ni mikono. Akarudia neno lake lilelile: nisimnyang'anye. Nikamwambia hapana, mama, kwani mimi mtoto?

Nimekaa jikoni tangu magharibi kupanga. Msimu mzima nitamwachia Hoyt. Akisema ndani, ndani. Akisema juu, juu. Ashinde anavyotaka, tukusanye pointi. Kisha mbio ya mwisho, mbele ya Mzee Odell, namkata na ubingwa unakuwa wa Verlene Stamey peke yake. Marehemu hatatarajia mara ya pili. Haya nimeyaandika tu. Sijayatamka, asije akasikia.

Jambo moja bado linanisumbua: mtu umkate vipi mkiwa gari moja. Lakini msimu unaanza mwezi wa tatu, nina majira yote ya baridi ya kulifikiria.

Saa saba na nusu usiku. Nalala.