Mashahidi wa Mkono wa Fundi

Redio hakutusalimia leo. Alikuja habari imemjaa mdomoni kama maji ya kusukutulia, akasimama mbele ya meza yangu ya kahawa, akaitema.

"Wameachiwa!"

"Nani tena?" akauliza Kinyozi, aliyekuwa anafagia mlangoni pa duka lake.

"Wale polisi waliompiga dereva wa lori hadi akalazwa. Hakimu kasema mashahidi hawakuelewana. Mmoja alisema asubuhi, mwingine jioni. Kesi imefutwa! Wametoka mahakamani wanapungia watu mikono kama maharusi."

"Na kile kiwanda cha rangi kilichomwaga sumu mtoni?"

"Nacho leo hii hii. Mahakama imesema kampuni imesikitika."

"Imesikitika?"

"Imesikitika sana. Ndiyo hukumu yenyewe. Halafu itapanda miti."

Niwaeleze kidogo hapa petu. Benchi ni refu, limeegemea ukuta wa duka la Kinyozi, juu yake kuna bati. Mimi nina meza, jiko na birika. Redio tunamwita hivyo kwa sababu akishaanza hazimiki. Kamanda alikuwa mpakiaji wa mizigo kabla ya kuzeeka. Hajawahi kuvaa sare yoyote maishani mwake, lakini hakuna vita ambayo hajapigana akiwa ameketi hapa. Na pale mwisho wa benchi hukaa Fundi Baiskeli, mkono wake wa kulia umefungwa plasta ngumu ya hospitali. Tangu avunjwe mkono huo simjazii kikombe. Namtilia nusu, akimaliza namwongeza, ili mkono wa kushoto usimwaibishe mbele za watu. Sikumwambia mtu. Lakini siku moja nilipitiwa nikakijaza, na Redio aliyekuwa anampelekea akakipunguza kwanza kwa midomo yake, akisingizia kwamba anaonja sukari.

Kamanda alikuwa bado anaitafuna ile hukumu.

"Kampuni inasikitika kwa kutumia nini? Ina macho ya kulia?"

"Sheria inasema kampuni ni mtu," akasema Redio.

"Kama ni mtu, ifungwe."

"Utaitia pingu wapi, mzee wangu? Haina mikono."

"Haina mikono? Na ile ya magari, kona ya Fundi iliichukua kwa meno?"

Hapo wote tukamtazama Fundi, kisha tukajifanya tunatazama barabara. Kona yenyewe iko ng'ambo, hapo mbele tu. Fundi ametengeneza baiskeli pale tangu akiwa kijana, na kibali anacho. Kisha ikaja kampuni ya kuuza magari, ikanunua jengo la nyuma, ikataka kona iwe na bango lake. Fundi akakataa kuhama. Asubuhi moja polisi wakaja, wakampiga, wakamvunja mkono, wakamwaga vifaa vyake mtaroni. Sasa yuko mahakamani na wote wawili. Polisi wanasema hawakuwepo. Kampuni inasema hata kama walikuwepo, yenyewe haikuwaita.

"Kwa hiyo Fundi alijipiga mwenyewe," akasema Redio.

"Na pampu nikaitupa mtaroni kwa hasira," akasema Fundi. Tukacheka, kwa kuwa alitangulia yeye kucheka.

"Hawa mahakimu!" Kamanda akapiga goti. "Mashahidi ndio walioharibu. Wangeniita mimi katika kesi ya yule dereva, hakimu angenipigia saluti."

"Hasa wewe," akasema Kinyozi.

"Hasa mimi. Siku ile hapa si nilimkamata mmoja ukosi?"

Alikuwa hajamaliza ndipo tulipomwona wakili wa Fundi anavuka barabara. Ni binti mdogo wa ile ofisi inayowatetea wasio na uwezo. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la kutembea mbali.

"Shikamoo, bibi. Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu. Keti kwanza."

Kamanda akampisha, akapafuta mahali pake kwa mkono wa shati. Ana maneno mengi, lakini hilo hulifanya kwa kila anayekuja amechoka.

"Nimekuja kuomba," akasema binti. "Kesho kesi inasikilizwa. Kampuni imeleta mashahidi wake. Mimi sina hata mmoja, na bila shahidi kesho hiyo hiyo wataifuta. Fundi ananiambia siku ile benchi hili lilikuwa limejaa."

"Pomoni!" wakaitikia wote.

"Vizuri. Walikujaje?"

"Kwa malori," akasema Redio. "Malori yamefuatana."

"Malori yapi?" Kinyozi akauliza. "Walikuja kwa miguu, mstari ukaishia sokoni."

"Mnasahau farasi," akasema Kamanda.

Binti akainua uso. "Farasi?"

"Mweupe."

Nikatazama birika langu. Juma lile la kwanza baada ya Fundi kupigwa, wanangu, farasi hakuwepo. Alizaliwa hapa hapa benchini, tukamlisha kila asubuhi, akanenepa. Malori nayo yalianza yakiwa pikipiki. Na mimi niliyekuwa nawatilia kahawa nilicheka tu, sikumkatiza mtu.

"Haya," akasema binti. Alikunja mikono, sauti yake ikabadilika ikawa ya baridi. "Mimi sasa ni wakili wa kampuni. Mzee, nani alimpanda farasi huyo?"

"Alikuwa peke yake."

"Farasi alikuja kazini peke yake?"

"Ni wa polisi, bibie. Amefundishwa."

"Na wewe ulimkamata askari ukosi. Kwa mkono upi?"

"Yote."

"Na huyu mwenzako alikuwa wapi?"

"Alikuwa ananizuia nisije nikaua mtu."

"Kweli," akasema Redio. "Nilimshika miguu."

"Miguu? Mtu aliyesimama anazuiwa kwa kushikwa miguu?"

Redio akaninyoshea kikombe nimwongeze kahawa, nacho kilikuwa bado kimejaa.

Binti akaweka kalamu chini. Hakukasirika. Heri angekasirika.

"Sijui kama hakimu wa yule dereva ni mtu mwema au mbaya," akasema. "Ninachojua ni kwamba mashahidi walimrahisishia kazi."

Fundi akainuka, taratibu, plasta imemlemea upande mmoja.

"Msigombane kwa ajili yangu, wazee wangu. Nimeshaanza kushika spana kwa mkono wa kushoto. Nitazoea."

Hajazoea. Jana mama mmoja alimletea gurudumu lenye pancha. Nilimwona akihangaika nalo, amelibana kwa magoti, mwisho akalirudisha kwa mwenyewe na kuomba radhi. Yule mama alimwambia hana haraka, akaliacha pale pale. Na hakika alikuwa na haraka, maana aliondoka kwa miguu akikimbia.

Fundi alikuwa ameanza kuvuka barabara Kamanda alipomwita.

"Rudi, mwanangu." Hakumtazama mtu. "Walikuwa wawili."

"Nani wawili?" akauliza Redio.

"Polisi. Hapakuwa na lori. Hapakuwa na farasi."

"Na ukosi, mzee?" binti akauliza, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya mtoto wa watu.

"Sikushika ukosi wa mtu. Nilikuwa chini ya benchi."

Kinyozi akaguna. Nikamkanyaga mguu.

"Yule mmoja, alipoinua rungu kofia yake ilianguka, upepo ukaivukisha barabara, ikaja ikaingia pale nilipo. Akaja kuifuata. Akainama, tukatazamana, uso kwa uso kama hivi mimi na wewe. Ana kovu juu ya jicho. Akasema, 'Mzee, naomba kofia.'"

"Ukafanyaje?"

Kamanda akaonyesha kwa mkono wa shati.

"Nikampa. Nikaipangusa vumbi kwanza. Halafu nikamwambia, 'Karibu tena.'"

Nilitazama nyuso zao. Nilidhani wangepasuka kwa kicheko, lakini kicheko kilikuja hadi shingoni kikakaa.

"Na yule meneja wa kampuni ya magari alikuwa amesimama nyuma yake," akaendelea. "Alikuwa amemfuata. Akamwambia, 'Huyu achana naye. Rudi umalize, mkono wa kulia, ndio wa kazi.' Niliyasikia. Tangu siku ile nayasikia. Ndiyo maana nikaleta farasi."

"Hayo nami nimeyasikia!" Redio akaruka. "Ule mkono wa kulia! Nilidhani wanasema wangu."

Binti akamgeukia. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Si nimekwambia nilimshika miguu? Chini ya benchi yeye alikuwa amewahi mbele, mimi nikapata nafasi ya nyuma. Sikuona kitu, nilifumba macho."

"Uliyasikia vizuri?"

"Kadiri moyo wa Kamanda ulivyoniruhusu. Ulikuwa unadunda, utafikiri jirani anatwanga."

Sasa kicheko kikatoka. Fundi alicheka hadi akaushika mkono wake kwa maumivu. Kinyozi peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anapindapinda fagio.

"Waliondoka na gari la kampuni," akasema.

"Unasemaje?"

"Wale polisi. Walipanda gari la kampuni, lile la kijani lenye nembo mlangoni. Niliwaona kwa tundu la kitasa."

"Muda wote huu ulikuwa unajua hilo?" Redio akamfokea. "Sisi tunalisha farasi, wewe umekalia gari?"

"Ningesema, mngeniuliza nilikuwa nafanya nini tunduni! Nilikuwa nimejifungia na mteja, nimemnyoa ndevu upande mmoja. Alitokea dirisha la nyuma na ndevu za upande mwingine, hajarudi mpaka leo."

Binti alikuwa anaandika mbio mbio. Alipomaliza akamwinamia Kamanda.

"Mzee wangu, utayasema haya kesho mbele ya watu?"

"La meneja nitalisema."

"Na la kofia?"

"Hilo lazima?"

"Hilo hasa."

"Nalo la kuipangusa?"

"Mzee, hakuna mtu anayejitungia aibu ya namna hiyo. Hakimu akilisikia, ataamini na yaliyobaki."

Kamanda akawaza. Ng'ambo ya barabara bango la kampuni lilikuwa linang'aa, lina picha ya gari na familia inayocheka. Akamtazama Fundi, kisha ile plasta.

"Watanicheka mji mzima," akasema.

"Mimi nitakuwepo," akasema Fundi. "Wakicheka, nitakuwa nimekaa karibu nawe."

Kisha wakatawanyika, kila mtu na lake. Redio akaenda kutafuta shati lenye vifungo vyote. Binti alikunywa kahawa yake kwa pupa akavuka barabara. Fundi alikuwa amembebea mkoba wa karatasi za kesi, amemtangulia ili amkingie magari.

Kamanda akaingia dukani akaketi kwenye kiti cha kunyolea. Kinyozi akamvisha kitambaa, akafungua mkasi.

"Leo bure, mzee. Nikunyoe nywele zote uende msafi?"

"Punguza kidogo tu," akasema Kamanda. "Nataka yule kijana wa kofia akiniona anitambue."