King'amuzi Tumboni mwa Injini Yangu

Kwako Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo Mama. Huku sote wazima, isipokuwa treni.

Naandika kwa unyenyekevu mkubwa kumshtaki mwanao, shemeji yangu fundi simu, pamoja na dada yake, yaani mke wangu, ambaye ulinikabidhi mwenyewe bila kunitahadharisha. Unaifahamu injini yangu ya mvuke, ile nyeusi ya mfano inayoenea kiganjani, inayozunguka kwa umeme kwenye reli zake mezani katika chumba cha nyuma walichokiacha wajukuu zako. Tangu nistaafu posta nimeiendesha kwa kitufe kimoja: ukizungusha inakwenda, ukirudisha inasimama. Haikuwahi kunibishia. Sasa shemeji ameifunga king'amuzi. Si kile cha televisheni, Mama. Hiki ni kidogo kama ukucha, na kazi yake ni kuipa injini namba, ili ikiitwa kwa rimoti isikie amri zake peke yake. Hivyo ndivyo nilivyoahidiwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ili apate nafasi, shemeji aliipasua injini juu ya gazeti akatoa chuma kizito kilichokuwa tumboni. Sasa ikifika kwenye mlima wangu wa vitabu, magurudumu yanazunguka bure. Chuma chenyewe mke wangu anakandamizia mfuniko wa sufuria.

2. Kelele. Injini iliyokuwa na adabu zake sasa inapumua na kukohoa hata ikiwa imesimama. Jirani yetu muuguzi alibisha hodi kuuliza mgonjwa ni nani. Nikamwonyesha injini. Akaniangalia mimi.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Shemeji alikuwa na king'amuzi cha pili, akakifunga kwenye kichwa kidogo cha njano cha treni alichomletea dada yake zawadi. Vidude hivi vilitoka kiwandani vyote vikiwa na namba ile ile, tatu, na fundi wetu, kwa haraka ya kuwahi wateja, akaviacha hivyo hivyo. Kwa hiyo mke wangu akikiita kichwa chake, injini yangu nayo inaitika. Chake kikisimama, yangu nayo inasimama. Mimi, mwenye nyumba, sivuki daraja bila idhini ya kichwa cha njano!

4. Matokeo yake, mke wangu, aliyeapa kwamba hatakanyaga chumba kile, sasa anashinda humo. Anakuja na chai yake, anaweka miguu kwenye kigoda changu, anashika rimoti. Kila safari lazima tukubaliane kwanza. Juzi tuligongana ndani ya handaki la boksi la viatu, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Hajacheka hivyo tangu watoto waondoke, lakini hiyo si hoja.

5. Sasa yeye na kaka yake wameiacha injini, wamenigeukia mimi. Wananitazama wakijadili kama nami naweza kufungwa king'amuzi. Shemeji amepima kwa macho akasema hakuna haja ya kutoa kitu, tumboni kwangu nafasi ipo tele.

Kwa hiyo naomba uamuru, Mama: king'amuzi king'olewe, chuma kirudi mahali pake, shemeji asiingie kwangu na bisibisi isipokuwa mbele ya wazee, na binti yako arudi sebuleni kwake. La sivyo nitahamia kwako mimi, injini na meza yake.

Wasalimie mashangazi wote, wapangaji wa uani, na yule fundi bomba asiyemaliza kazi.

Ni mimi mkweo mtiifu, ninayeendeshwa kwa rimoti,

Karani Mstaafu

Nyongeza: Shemeji amepita sasa hivi kuomba radhi. Anasema kila injini inaweza kupewa namba yake, ni kubonyeza mara mbili tu, kisha kila mtu aendeshe ya kwake kwa wakati wake. Nimemnyang'anya bisibisi nikamsindikiza hadi getini. Mama, ukimaliza kusoma barua hii ichane. Na binti yako akikupigia simu, nakuomba sana, usimwambie kwamba namba hubadilishwa. Birika limeshachemka, namsikia anakuja.