Sanduku Ambalo Halikuanguka

Jumatatu, 13 Mei
Kitu kimeanguka kutoka angani! Kichakani kwangu, hatua chache tu toka kwenye mizinga yangu ya nyuki. Sanduku jeupe, jepesi, lina tundu pembeni na waya unaning'inia. Mke wangu Loyce kasema nilipeleke kwa mtendaji wa kijiji upesi. Nimemwambia atulie. Itigi nzima nani ana mzinga wa namna hii? Nimelipaka nta ndani, nimelitundika mtini. Jirani yangu Simeoni, anayeringa na mizinga yake ya kisasa, safari hii atakoma.

Jumamosi, 18 Mei
Nyuki wameingia! Wamejaa tele! Lakini wanajeshi nao wamefika. Wametuita mkutanoni. Afande akasema wanatafuta kitu. Mama mmoja akauliza kitu gani. Akajibu hawezi kusema. Kimeanguka wapi? Hakikuanguka. Sasa aliyekiona je? Hakukiona, ila aje atoe taarifa. Watu wote wakanigeukia. Kwa nini mimi? Nilikuwa natokwa jasho tu, basi.

Jumapili, 19 Mei
Likipita gari, nipo uvunguni. Loyce ananisihi nilisalimishe, asije akabaki peke yake na watoto. Wanawake kwa woga! Nimelifunga magome ya mti lionekane mzinga wa kienyeji. Nyuki hawakupenda. Sikio limekuwa kama andazi.

Jumatatu, 20 Mei
Simeoni kanichongea! Wanajeshi wamekuja moja kwa moja hadi chini ya mti. Nikasema huo ni mzinga wa urithi, aliuacha babu. Afande akauliza babu alipata wapi waya. Kisha akaugonga kwa fimbo. Lo! Tulikimbia wote, mimi nikiwa mbele. Uso wake ukafura mpaka macho yakapotea. Nikamkatia kitunguu apake.

Haikusaidia. Nikaamriwa nilishushe mwenyewe kwa moshi. Nyuki wangu wameenda zao, sanduku limeenda nao wanajeshi. Afande akasema sanduku halikuwepo, nyuki hawakuwepo, na nikifumbua mdomo tutaondoka wote. Nimeapa, na safari hii nimeapa kweli. Siri hii nitazikwa nayo.

Jumatano, 22 Mei
Nimefikiri. Siri ni kwa watu wa Itigi. Abiria wa treni si watu wa Itigi! Nimechukua asali ya mwaka jana, nikaandika juu ya kila chupa: Asali ya Angani. Loyce kashika kichwa.

Pale stesheni mtu mmoja mwenye kofia akaonja, akataka kujua imetoka wapi. Nikamnong'oneza yote: sanduku, waya, wanajeshi walivyotimua mbio. Akauliza jina, nikampa pamoja na la babu. Akauliza kwangu ni wapi, nikamwelekeza mpaka mlangoni. Mstaarabu kweli! Uso umevimba kidogo, ananukia kitunguu. Nadhani ni mpishi.

Kasema kesho nisitoke nyumbani. Atakuja na gari kubwa kuchukua asali yote, nami nipande niusindikize mzigo. Simeoni atakufa kwa kijicho! Nimemwambia Loyce anifulie shati jeupe. Yeye analia, sijui ana nini. Mimi leo, baada ya siku zote hizi, nitalala usingizi wa raha.